Hodi ya Fundi Bati

Siku ya tatu ya matanga ya mume wa Salwa, wageni hawajamaliza hata uji, Hanifu alitoa futi kamba mfukoni akaanza kupima ukuta wa nyumba ya marehemu.

Jamani, futi kamba! Mfiwa yuko chumbani, kajitanda kanga mpaka kichwani, ndiyo kwanza ameanza eda yake, na nje ya dirisha lake mtu anaivuta futi kamba, anaiachia, anaivuta tena, anaandika kwenye simu. Kudra alikuwa uani na wanawake wenzake, anasonga ugali wa wafiwa. Aliuacha mwiko humo humo sufuriani akamfuata.

“Shemeji, unapima nini?”

“Aah, shemeji! Wenyewe wameniomba. Marehemu kaacha mke na mabinti, hana mtoto wa kiume, kwa hiyo ndugu zake nao wana fungu lao. Na nyumba haikatwi kwa kisu kama mkate. Itauzwa, kila mtu achukue chake.”

“Na Salwa?”

“Salwa ana kwao.”

Ana kwao! Mwanamke ameingia nyumba ile mwari, amezaa humo, amezika mume jana juzi, leo anaambiwa ana kwao. Kudra alifungua mdomo amtolee uvivu, akakumbuka yuko msibani, akaufunga. Ugali ukaungua. Alirudi nyumbani anaongea peke yake njia nzima, watu wanampisha.

Kilichomkata maini si Salwa peke yake. Hanifu alikuwa mdogo wake Abdulnasiri, mume wa Kudra. Na Abdulnasiri naye alikuwa na mabinti watupu.

Tuseme ukweli, Kudra hakuwa mwanamke mpole. Pale Chang’ombe, Dodoma, watu walimjua kwa vitu viwili, kashata zake za karanga na mdomo wake, na waliokuwa hawali kashata waliujua mdomo. Alizaliwa Kongwa, baba yake akiwa na kiduka cha sukari na mafuta ya taa. Karanga alizikaanga tangu hajaota meno ya ukubwani. Alipoolewa Dodoma mjini alikuja na karai lake la kukaangia, na ndilo lililosomesha watoto siku ambazo bati halikununulika.

Abdulnasiri alikuwa fundi bati. Ukoo wao ulikuwa wa hapo hapo mjini, tangu zama za misafara, babu wa babu yao aliposhindwa na miguu njiani kwenda Tabora, akabaki na kuoa. Kibanda cha Abdulnasiri kilikuwa jirani na soko la Majengo, anatengeneza majiko, ndoo, mapipa, na mifereji ya kukingia maji ya mvua. Mtaa mzima ulijua hali yake kwa nyundo. Akigonga polepole, kaamka salama. Akigonga mpaka mbwa wanakimbia, usiende kudai jiko lako.

Nyumba waliijenga wawili. Matofali alifyatua yeye, maji ya kufyatulia aliteka Kudra bombani kwa kichwa, mimba ya Nasra ikiwa mbele. Chumba kikasimama, wakahamia kabla ya madirisha, wakaongeza kingine, wakaongeza kingine. Kuzunguka paa Abdulnasiri aliweka mfereji alioukunja kwa mkono wake mwenyewe, mzuri mpaka watu walikuja kuutazama, na mvua zetu hizi za kubahatisha ziliponyesha, halipotei tone. Tangu serikali ihamie Dodoma vyumba vya nyuma vilikuwa na wapangaji, wafanyakazi wa ofisini. Na Hanifu, ambaye zamani aliuza viatu vya mitumba, akaota mkoba wa udalali na akawa anatazama nyumba za watu kama mchinjaji anavyotazama mbuzi.

Basi siku ile Kudra alipitiliza moja kwa moja mpaka kibandani.

“Baba Nasra, ukifa leo mimi naenda wapi?”

Abdulnasiri alikuwa amepiga magoti juu ya bati. “Wa aleikum salaam.”

“Sina salamu. Nimekuuliza.”

“Sijafa.”

“Mume wa Salwa naye wiki iliyopita alikuwa hajafa.”

“Ebo! Unanichulia?”

“Nakuchulia nini? Mdogo wako yuko kwa Salwa anapima kuta. Akitoka kule anakuja kwako. Watoto wako Nasra na Mwantum, hakuna dume hata moja. Atasema ana fungu, nyumba haikatwi kwa kisu, Kudra ana kwao Kongwa. Kongwa! Baba yangu yuko kaburini na duka wameweka kinyozi!”

Abdulnasiri akaweka nyundo chini, akacheka kwa majivuno. “Mwanamke, mimi si mjinga. Wasia nimeandika mwaka wa juzi. Respicius kaniandikia kwa kompyuta. Nyumba yote ni yako.”

Respicius alikuwa mpangaji wao wa chumba cha nyuma, kijana wa Bukoba, karani bungeni. Kudra alimsubiri arudi kutoka kazini.

“Mama, shikamoo,” alisema Respicius, na alipoulizwa akavua miwani. “Ni kweli nimeandika mimi. Ila nimeandika kama tunavyoandika sisi kwetu. Nilimwambia Mzee akamwonyeshe Sheikh, maana ninyi Waislamu mirathi yenu ina utaratibu wake. Hakwenda?”

“Hakwenda.”

“Basi mwende, Mama. Nisije nikawaponza.”

Wakaenda. Sheikh Mrisho alikuwa mzee mkavu, hana maneno mengi, na alikuwa amesuluhisha ndoa za nusu ya mtaa. Aliusoma wasia wote, akaukunja, akamrudishia Abdulnasiri.

“Haufai.”

“Haufai vipi? Una mhuri!”

“Mke ni mrithi, ana fungu lake. Mrithi huwezi kumwachia zaidi kwa wasia, mpaka warithi wenzake waridhie baada ya wewe kufa. Na mrithi mwenzake mmoja ni mdogo wako. Hanifu ataridhia?”

Kudra alicheka kicheko kibaya.

“Sasa nifanyeje?” Abdulnasiri alifoka. “Nimwache mke wangu barabarani?”

“Mpe ukiwa hai. Inaitwa hiba. Wewe ni mzima, akili zako timamu, nyundo yako inatuamsha sote. Mali ni yako, unaweza kumpa umtakaye leo. Ukingoja mpaka uwe kitandani unakata roho, hiyo itahesabiwa kama wasia tu. Lakini Abdulnasiri, nakwambia mbele ya mkeo, ukitoa, utoe. Unanielewa?”

“Nimeelewa.”

Hakuelewa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama mbele ya watu akasema kwa sauti ya mgonga bati kwamba nyumba yake ya Chang’ombe amempa mke wake Kudra. Watu wakasema mashallah. Hanifu naye alikuwepo, akasema mashallah kubwa kuliko wote. Respicius akamsaidia Mzee kupeleka maombi ya kubadilisha jina kwenye karatasi za kiwanja, nayo yakaingia kwenye foleni pamoja na ya watu wengine wote wa mji huu. Kudra akapika pilau.

Halafu mambo yakaendelea vile vile. Ufunguo mkubwa uliendelea kuning’inia kiunoni kwa Abdulnasiri. Kodi za wapangaji alipokea Abdulnasiri. Mtu akitaka kupanga, alielekezwa kwa Abdulnasiri, naye alikuwa anasema, “Nyumba yangu haina kelele, nyumba yangu haina walevi.” Kudra alisikia hiyo “yangu” kila siku, na kila siku ilimkwaruza, lakini alijiambia ni mazoea ya mdomo. Mwanamume kaishi na neno moja miaka yote, litamtoka kwa miezi michache tu?

Kulikuwa na chumba cha mbele ambacho Abdulnasiri alikuwa anarundika mabati yake. Kudra alipata mpangaji, binti mmoja fundi cherehani aitwaye Anjelina, mtaratibu, anakuja na mashine yake. Akasema moyoni, nyumba si yangu? Akaita vijana, wakayatoa mabati, wakayapanga vizuri uani, Anjelina akaingia.

Abdulnasiri aliporudi alasiri akakuta mabati yake uani na pazia la maua dirishani. Hakuuliza. Alisimama katikati ya njia, wapita njia wanamtazama, akanguruma.

“Kudra! Kudra! Nani kakuruhusu? Hii nyumba ni yangu! Nimeijenga kwa mikono hii! Kama hunitaki, toka! Toka nyumbani kwangu!”

Cherehani ya Anjelina ikanyamaza. Kwenye kibaraza cha Bi Batuli, jirani wa mbele, Hanifu alikuwa anakunywa kahawa. Akaweka kikombe chini taratibu, akasimama.

“Majirani, mmesikia?” aliuliza kwa upole kabisa. “Mimi nimesikia. Kaka kasema nyumbani kwake.”

Akaketi, akamalizia kahawa yake.

Hapo ndipo Abdulnasiri alipotambua alichokisema. Uso ulimshuka. Akamtazama Kudra, Kudra yuko mlangoni na unga mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuwa na neno. Angetukana ingekuwa afadhali. Aliingia ndani, akavaa buibui, akatoka, akampita mumewe kama anayepita nguzo ya umeme, akaenda kwa Sheikh Mrisho.

Sheikh aliwaita wote wawili.

“Nilikuuliza kama umeelewa,” alimwambia Abdulnasiri.

“Ilikuwa hasira, Sheikh. Mtu akiwa na hasira…”

“Hasira haikudanganya. Ufunguo anao nani?”

Abdulnasiri akaushika kiunoni bila kujua.

“Kodi anapokea nani? Anayeamua nani aingie na nani atoke ni nani? Ulitoa kwa mdomo, mikono ikabaki imeshika. Hukumpa kitu. Ungekufa leo, mdogo wako angekuja na shahidi wa yale maneno yako, na mimi mwenyewe ningekosa la kusema.”

“Basi nifundishe.”

“Toa vitu vyako vyote mle ndani. Kitanda chako, zana zako, nguo zako. Mchana, watu waone. Mkabidhi mkeo ufunguo, afunge mlango, wewe ubaki nje. Baada ya hapo ukitaka kuingia unapiga hodi kama mgeni mwingine, mwenye nyumba akiridhia unaingia.”

“Nitoe kitanda changu?” Abdulnasiri alipaza sauti mpaka watoto wa madrasa wakachungulia. “Mimi? Mtu mzima na ndevu zangu, nibebe kitanda barabarani nichekwe na mji mzima?”

Kudra akamgeukia. “Na mimi ulipokuwa unanifukuza barabarani, nilichekwa au sikuchekwa?”

Abdulnasiri alitoka, akavaa ndala zake akikosea mguu.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala mkokoteni ulikuwa mlangoni, na habari ilikuwa imeshatembea, kwa hiyo mtaa mzima ulipata shughuli ya kufanya nje. Mwingine anafagia uwanja uliofagiliwa. Bi Batuli katoa kabisa kigoda. Abdulnasiri akatoa kitanda, vipande vipande, jasho linamtoka, anamfokea mwenye mkokoteni bila sababu. Akatoa godoro, sanduku la zana, redio, kanzu zake za Idi, na mwishowe mswaki wake, ameushika juu juu kana kwamba ni nyoka. Watu walishindwa kujizuia. Na aliyecheka kuliko wote, ameegemea ukuta, mikono tumboni, alikuwa Hanifu.

“Kaka, na sufuria usisahau!” alikuwa anasema. “Kaka, na mfereji je? Huung’oi?”

Abdulnasiri akafungua ufunguo kiunoni, akamwekea Kudra mkononi mbele ya Sheikh. “Nyumba ni yako,” alisema.

Kudra akaingia, akafunga mlango, akazungusha ufunguo. Watu wote walisikia kitasa.

Kisha, kutoka nje, sauti ya mumewe, nzito, kama inatolewa kwa koleo.

“Hodi.”

Kudra alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mgongo umegusa mbao. Neno la kujibu lilikuwa moja tu, na jepesi. Lakini alikuwa na hasira, jamani, hasira ilikuwa imemjaa mpaka masikio yanalia. Alikumbuka maji ya kufyatulia matofali. Alikumbuka futi kamba dirishani kwa Salwa, na Salwa alivyoondoka baada ya eda na vifurushi vyake, nyumba imeshapata mnunuzi, Hanifu kala udalali wake. Na zaidi ya yote alikumbuka “toka nyumbani kwangu”.

“Hodi!”

Hakujibu.

“Hodi, Kudra!”

Hakujibu. Na kila Mwislamu mtaani pale alijua: ukipiga hodi tatu usipojibiwa, unarudi ulikotoka. Abdulnasiri alisimama akiutazama mlango alioutengeneza mwenyewe. Kisha akashika mkokoteni, hakumwachia hata mwenyewe ausukume, akaondoka na kitanda chake kuelekea kibandani Majengo, na kicheko cha Hanifu kinamsindikiza mpaka kona.

Usiku ule Nasra alipiga simu kutoka Mvumi, alikokuwa anafundisha shule. “Mama, nasikia umemfukuza Baba?” Habari imefika Mvumi kabla ya chakula cha jioni! Ni Hanifu. Ile hadithi alikuwa ameipenda kuliko chakula. Aliisimulia kwenye vijiwe vya kahawa, aliisimulia mnadani Msalato kwenye nyama choma, akapanda basi kwenda Kondoa kwenye harusi akaisimulia huko, na kila mahali aliigiza: kaka alivyobeba mswaki, kaka alivyokabidhi ufunguo, kaka alivyopiga hodi tatu mlangoni kwake mwenyewe akanyimwa. “Kwa macho yangu haya mawili!” alikuwa anasema, akivuta kope.

Abdulnasiri alirudi kesho yake baada ya magharibi, akapiga hodi tatu, akanyimwa. Alirudi keshokutwa, akanyimwa. Nyundo yake siku hizo ilikuwa haisemeki, soko zima lilikuwa linaumwa kichwa. Jioni iliyofuata akaja tena.

“Hodi.”

“Nani?” Kudra aliuliza kutoka ndani.

“Mimi.”

“Mimi nani?”

Anjelina alisimamisha cherehani asikilize.

“Abdulnasiri, fundi bati. Naomba kuingia kwako.”

“Karibu.”

Akaingia, amenuna. Kudra naye amenuna. Akamtengea ugali na mlenda, akala bila kuinua kichwa, anasikika anavyotafuna tu. Alipomaliza kunawa akakaa akitazama paa, kwa muda mrefu.

“Mfereji wako unavuja pale pembeni,” alisema. “Nikuzibie?”

Mfereji wako. Kudra aliinuka akachukua sahani, akaenda nazo jikoni, akasimama huko bila kuziosha. “Ziba,” alisema kutoka huko huko.

Kitanda kilirudi kama cha mgeni aliyeruhusiwa kukaa. Tangu siku ile Abdulnasiri hakuingia mle bila hodi. Hakuwahi kuipenda, msidhani alibadilika akawa malaika. Aliipiga kwa ghadhabu, kwa vifundo vile vya vidole vilivyokomaa kwa nyundo, mlango unalia kama bati. Kodi akapokea Kudra. Mtu akija kuulizia chumba, Abdulnasiri alikuwa anaonyesha mlango kwa kidevu: “Mwenye nyumba yumo ndani. Mimi mwenyewe nimekaribishwa tu.” Na Kudra akampa mbele ya nyumba kona ya kuwekea mabati yake, akamwambia asiizidishe.

Mwaka uliofuata, mawingu yameanza kukusanyika lakini mvua bado, Abdulnasiri alifariki. Asubuhi nyundo ilikuwa inasikika. Adhuhuri watu wa sokoni walikuja mbio kumwita Kudra, na alipofika kibandani mume wake alikuwa amelala ubavu juu ya bati jipya, hajalikata. Maombi ya kubadilisha jina yalikuwa bado yako kwenye foleni.

Siku ya tatu, wageni hawajamaliza uji, mlango wa chumba cha Kudra ulisukumwa. Alikuwa ameketi mkekani, kanga mpaka kichwani, na Nasra na Mwantum kila upande. Hanifu akaingia akaketi kwenye kiti. Mfuko wake wa shati ulikuwa umevimba upande mmoja.

“Pole sana, shemeji. Ndiyo kazi ya Mungu. Sasa wazee wapo nje, nikaona tuweke na mambo ya nyumba sawa mapema, ndugu waliotoka mbali wasipoteze nauli.”

Kudra aliutazama ule mfuko. Machozi aliyokuwa nayo tangu juzi yakakauka hapo hapo. “Tangulia nje,” alisema. “Nitakusikia dirishani.”

Ukoo ulikuwa umeketi uani kwenye majamvi, Sheikh Mrisho katikati, na baba yao mkubwa aliyetoka Kondoa ameketi pembeni yake. Dirisha la Kudra lilikuwa wazi, pazia limeshushwa. Hanifu alizungumza vizuri, hilo tusimnyime. Alimlilia kaka yake kwanza. Kisha akasema kwamba jina kwenye karatasi ni la marehemu mpaka leo, kwamba habari ya hiba ilikuwa maneno tu ya watu na mapenzi yao, maana marehemu mwenyewe alisimama njiani akatamka nyumba ni yake, majirani ni mashahidi. Kwa hiyo irithiwe kama mali nyingine. Na kwa kuwa haikatwi kwa kisu…

“Shemeji Hanifu,” sauti ilitoka nyuma ya pazia.

Watu wakageuka.

“Kuna wageni hapa hawajasikia ile hadithi yako. Ya kaka yako na kitanda. Wasimulie.”

Hanifu akababaika. “Shemeji, huu ni msiba.”

“Msiba ni wangu. Nimekuruhusu. Wasimulie kama ulivyosimulia Msalato. Anza na mswaki.”

Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Yule baba mkubwa wa Kondoa akainua kichwa. “Mbona hiyo mimi ninaijua! Si ulinisimulia mwenyewe harusini, Hanifu? Ukainuka ukaonyesha alivyompa mkewe ufunguo. Tulicheka mpaka nikapaliwa na chai.”

“Baba mkubwa, ule ulikuwa utani…”

“Utani ni kucheka kwako,” Sheikh Mrisho alisema. “Mimi nauliza habari ya macho yako. Yale maneno ya hasira ya njiani, yalitangulia kitanda au yalifuata?”

“Yalitangulia.”

“Baadaye ulimwona kaka yako akitoa vitu vyake vyote?”

Hanifu alitazama huku na huku. Bi Batuli alikuwa pale, na mwenye mkokoteni alikuwa pale, na Anjelina, na nusu ya Majengo, na wote aliwasimulia yeye, wengine zaidi ya mara moja.

“Niliona.”

“Ukamwona akikabidhi ufunguo? Akiwa mzima, mwenye nguvu zake?”

“Niliona.”

“Akapiga hodi tatu, akanyimwa, akaondoka?”

“Niliona, Sheikh.”

“Basi huna fungu kwenye nyumba ya mtu. Vitu vya marehemu viko kibandani kwake Majengo, kuna nyundo na mabati. Hivyo ndivyo vitakavyorithiwa, na fungu lako humo utapata.”

Kudra aliinua kidogo pembe ya pazia.

“Shemeji. Asubuhi uliingia chumbani kwangu bila hodi. Rudi nje, ufunge mlango, upige. Ukikaribishwa, utakuja kunywa uji na wenzako.”

Angeweza kuondoka tu. Lakini ukoo mzima ulikuwa unamtazama, na wazee wakamwambia nenda, ni haki yake. Akatoka, akazunguka mbele, akaufunga mlango wa njiani. Wote walimsikia.

“Hodi.” Ilikuwa ndogo sana.

Kudra alikuwa ameketi mkekani, ufunguo uko mapajani.

“Hodi, shemeji.”

Mwantum alifungua mdomo, mama yake akamshika goti.

“Hodi.”

Wakasubiri. Kisha wakasikia viatu vyake vikishuka kibarazani, vikaenda zake.

Jioni wageni walipopungua, upepo wa mvua ukaanza, ule unaokuja na vumbi kwanza. Ilikuwa saa ile ile ambayo Abdulnasiri alikuwa anarudi kutoka kibandani. Mfereji wa paani, pale alipouziba, ulilegea kidogo ukawa unagonga ukuta. Ukagonga. Ukagonga tena. Ukagonga.

“Karibu,” alisema Kudra kwa sauti kabisa, na watoto wake wote wawili wakasikia.

Kisha akamkasirikia Abdulnasiri kwa sababu hakuingia.